Studio ya Ufinyanzi Skärholmen na Jina la Mfinyanzi

Mazungumzo haya yanahusu ufinyanzi wa studio, yaani kazi ya mbunifu anayetengeneza kwa mikono yake vyombo vya nyumbani na maumbo ya sanaa ya udongo, akayachoma katika tanuri lake na kuyauza kwa jina lake mwenyewe, na mahali panapotazamwa ni Skärholmen, kitongoji cha kusini-magharibi mwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Kwa studio hukusudiwa hapa mpangilio mzima wa kazi: chumba chenye meza na rafu za kukaushia, tanuri, ratiba ya kuunda na kuchoma, daftari la gharama, alama ya jina chini ya kila chombo, na njia za kumfikia mnunuzi, shule na ukumbi wa maonyesho. Hoja inayotetewa ni kwamba mpangilio huo, wala si ustadi wa mikono, ndio unaomtenganisha mfinyanzi wa Stockholm na mama mfinyanzi wa Ziwa Nyasa au wa Kakamega, na kwamba pengo hilo linaweza kuzibwa, kwa sababu sehemu ya vifaa vya kuliziba tayari ipo Afrika Mashariki.

Skärholmen si mahali ambapo msomaji wa magazeti ya mapambo ya nyumba angetarajia kukuta sanaa. Reli ya chini ya ardhi ilifika huko Machi 1967, na jengo kubwa la maduka likazinduliwa Septemba 1968, likiwa sehemu ya ule ujenzi uliojulikana kama Mpango wa Milioni, ambao kati ya 1965 na 1974 uliiwezesha Uswidi, nchi iliyokuwa na watu takribani milioni 8, kujenga makazi mapya yapatayo milioni moja. Zege lilimwagwa kwa vipimo vilivyofanana, madirisha yalitoka kiwandani yakiwa tayari, na siku chache tu baada ya uzinduzi mhakiki mmoja aliandika katika gazeti la Dagens Nyheter akitaka Skärholmen ibomolewe. Haikubomolewa. Familia za wafanyakazi ziliingia, na katika miongo iliyofuata wakaja watu kutoka Uturuki, Chile, Irani, Iraki, Somalia na nchi nyingine nyingi, hata leo mtu anayepita katika uwanja wa soko husikia lugha nyingi kabla hajafika mlango wa stesheni. Ng'ambo ya barabara kuu, katika manispaa ya Huddinge, limesimama duka la IKEA la Kungens Kurva lililofunguliwa 1965, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kubwa kuliko maduka yote ya kampuni hiyo duniani.

Ujirani huo unaifanya kazi ya mfinyanzi wa studio ieleweke vizuri zaidi kuliko katika mtaa wa kati wenye majumba ya sanaa, kwa kuwa upande mmoja wa barabara kikombe huuzwa kwa bei ndogo mno, kikiwa kimetolewa kwa mashine pamoja na maelfu ya ndugu zake wasiotofautiana naye kwa lolote, na upande wa pili mtu mmoja hukaa na kikombe kimoja kwa siku kadhaa na kuomba alipwe kwa siku hizo. Swali la kwa nini mtu anunue cha pili haliwezi kukwepwa Skärholmen, na mbunifu anayefanya kazi huko analazimika kulijibu kwa ubora wa chombo chenyewe.

Waswidi wamelijadili swali hilo kwa zaidi ya karne. Mwandishi Ellen Key alichapisha mwaka 1899 kitabu kiitwacho *Skönhet för alla*, akidai kwamba uzuri wa nyumbani ni haki ya watu wote, na mwaka 1919 mwanahistoria wa sanaa Gregor Paulsson akatoa kijitabu cha *Vackrare vardagsvara*, kilichowataka wenye viwanda kuwaajiri wasanii ili vitu vya kila siku viwe vizuri zaidi. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1917, msanii Wilhelm Kåge wa kiwanda cha Gustavsberg, kilichoanzishwa 1825 katika kisiwa cha Värmdö mashariki mwa Stockholm, alionyesha katika Maonyesho ya Nyumba kwenye ukumbi wa Liljevalchs seti ya vyombo vya mezani yenye maua ya buluu, iliyokusudiwa familia za wafanyakazi. Wafanyakazi wengi hawakuinunua. Walioipenda zaidi walikuwa watu wa tabaka la kati. Jambo hilo linastahili kukumbukwa na kila mbunifu anayesema kwamba anatengeneza vyombo kwa ajili ya wananchi wa kawaida, kwa sababu nia njema ya msanii haimpi mnunuzi fedha wala haibadilishi kile anachokiona kuwa cha heshima mezani pake.

Muungano wa vyama vya ushirika vya walaji wa Uswidi ulikinunua kiwanda cha Gustavsberg mwaka 1937, na mwaka 1942 ikafunguliwa humo studio ambamo Kåge na mwanafunzi wake Stig Lindberg waliweza kufinyanga chombo kimoja kimoja, huku mashine zikiendelea kutoa sahani kwa wingi katika majengo ya jirani. Berndt Friberg, aliyeanza kazi hapo kama mtu wa gurudumu, yaani fundi anayewafinyangia wengine kile walichokichora, alikuja kuwa msanii mwenye jina kutokana na vyombo vyake vidogo vyenye utando laini. Hapa ndipo ilipo asili ya mfinyanzi wa studio wa leo nchini humo: alitoka tumboni mwa kiwanda. Viwanda vyenyewe vikapungua nguvu baadaye. Kiwanda cha Rörstrand, kilichoanzishwa Stockholm mwaka 1726 na kuhamia mwisho Lidköping, kilifunga uzalishaji wake wa Uswidi mwishoni mwa 2005, na vyombo vyenye jina hilo vikaendelea kutengenezwa nchi nyingine. Hivyo mtu anayetaka leo chombo cha udongo kilichofinyangwa Uswidi kwa kiasi kikubwa hutegemea watu wachache wenye karakana ndogo, na karakana hizo hutafuta vyumba mahali ambapo kodi inalipika, katika vitongoji vilivyo kando ya njia za reli.

Kazi ya ndani ya studio huanza na udongo, na si kila udongo unafaa. Ardhi ya bonde la Stockholm ina udongo mzito ulioachwa na maji ya barafu ya kale, wenye chuma kingi, unaogeuka mwekundu ukichomwa na kuanza kuyeyuka mapema joto likizidi; ulifaa kwa matofali na vyungu vya kawaida, lakini haustahimili joto linalohitajika kwa vyombo vigumu vya mezani. Kwa sababu hiyo wafinyanzi wengi hununua udongo uliokwisha kuchanganywa na kufungwa katika mifuko, wenye kaolini, ambao ni udongo mweupe unaovumilia moto mkali, pamoja na mchanga wa silika na madini ya felispa yanayosaidia chembe kushikana. Wengine huongeza vigae vilivyosagwa, kwa kuwa chembe hizo ngumu huupa udongo mifupa na kuuzuia kupasuka unapokauka, na mbunifu anayetengeneza umbo kubwa la sanaa huzihitaji zaidi kuliko yule anayetengeneza bakuli.

Udongo hukandwa kwanza ili viputo vya hewa vitoke na unyevu ulingane kote, kisha huundwa kwa mojawapo ya njia ambazo karibu zote ni za kale sana. Kuna kufinya donge kwa vidole. Kuna kuzungusha pindi, yaani kamba nene za udongo zinazopandishwa juu ya nyingine na kulainishwa mpaka ukuta usimame. Kuna kukata mabapa na kuyaunganisha. Kuna gurudumu linalozunguka na kumruhusu mfinyanzi kuvuta ukuta wa chombo kwa shinikizo la mikono yenye maji. Na kuna kumimina rojo la udongo katika kalibu ya plasta inayonyonya maji na kuacha ganda jembamba. Kalibu hutoa vitu vinavyofanana, na baadhi ya wabunifu wa studio huitumia bila kuona aibu, lakini wanaotafuta maumbo ya sanaa huipenda zaidi pindi, kwa kuwa haimfungi mtu katika umbo la mviringo: ukuta unaweza kuinama, kuvimba upande mmoja, kutoa shingo mbili au kujikunja ndani.

Waswahili husema udongo uwahi ungali maji, na methali hiyo ni maelezo kamili ya saa za kazi katika studio, ingawa wanaoitumia kwa malezi ya watoto huenda hawajagusa udongo maishani. Chombo kikishaundwa huachwa kikauke nusu mpaka kipate ugumu wa ngozi, hali ambayo kinaweza kushikwa bila kubonyea na bado kikakubali kuchongwa kitako na kuunganishwa mkono. Saa za hali hiyo ni chache. Katika majira ya baridi ya Uswidi, vyumba vikipashwa joto na hewa kuwa kavu mno, mdomo wa chombo hutangulia kukauka kuliko kitako, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa nyufa. Kwa hiyo mfinyanzi hufunika kazi kwa plastiki, huifunua kidogo kidogo, na hupanga siku zake kwa kufuata unyevu wa kuta za vyombo badala ya saa ya ukutani. Tangu kikiwa kibichi hadi kitoke katika moto mkali, chombo hupungua ukubwa kwa asilimia 10 au zaidi, na mbunifu anayetaka kikombe cha urefu fulani lazima akifinyange kikiwa kirefu kuliko hapo.

Uchomaji wa kwanza hufika kiasi cha nyuzi 950 hadi 1,000 za selisiasi. Maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, ambayo jua haliwezi kuyatoa, huondoka joto linapopita nyuzi 450 hadi 600, na karibu na nyuzi 573 chembe za silika hubadili mpangilio wake na kutanuka ghafla, ndiyo maana tanuri hupandishwa polepole katika hatua hizo. Chombo hutoka kikiwa kigumu lakini chenye kunyonya maji, na hapo huvikwa glezi, ambayo ni mchanganyiko wa silika, alumina na madini ya kuyeyusha, uliosagwa ukawa unga na kukorogwa kwa maji, na ambao katika moto wa pili wa nyuzi 1,200 hadi 1,280 huyeyuka na kuwa utando wa kioo juu ya udongo. Chuma huupa rangi ya asali, kahawia au kijani kibichi kutegemea hewa iliyomo tanurini. Kobalti huupa buluu. Shaba huweza kutoa kijani au nyekundu. Baada ya hapo tanuri huachwa lipoe kwa muda usiopungua ule liliopandishwa, na mwenye haraka akilifungua mapema hupokea vipande. Tena vumbi la udongo mkavu ni hatari halisi kwa mapafu, kwa kuwa silika laini ikivutwa kwa miaka husababisha makovu yasiyopona, kwa hiyo studio iliyo makini hufuta sakafu kwa maji wala haifagii.

Gharama ya kikombe cha mkono inaonekana katika hatua hizo zote, pamoja na vile vilivyopasuka njiani ambavyo mnunuzi havioni. Anayelalamikia bei ana haki ya kuuliza, na anastahili jibu la hesabu: udongo wenyewe ni sehemu ndogo kabisa, umeme na kodi ya chumba ni sehemu kubwa zaidi, na saa za mtu ndizo nyingi kuliko vyote. Sheria za Ulaya nazo zinaingia katika hesabu. Vyombo vya udongo vinavyogusana na chakula vimewekewa mipaka ya risasi na kadimi, madini mawili yenye sumu yanayoweza kutoka katika glezi mbaya, tangu agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1984, na mtengenezaji, hata akiwa peke yake, hutakiwa kuthibitisha kwamba bidhaa yake ni salama.

Kodi ndiyo inayochora mstari kati ya sanaa na chombo kwa namna inayofaa kutafakariwa. Bidhaa ya kawaida nchini Uswidi hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25, ilhali kazi ya sanaa inayouzwa na msanii mwenyewe hutozwa asilimia 12, na kwa mujibu wa kanuni za Umoja wa Ulaya kazi ya udongo huhesabiwa kuwa sanaa ikiwa ni ya pekee, imefanywa yote na msanii na kutiwa saini naye. Umbo lisilo na kazi nyumbani, lililofinyangwa mara moja na kusainiwa, lina nafasi mbele ya sheria ambayo bakuli la supu halina, japokuwa yote mawili yametoka katika udongo uleule, mikono ileile na tanuri lilelile. Mstari huo ni wa ofisi ya kodi na hauna msingi katika ufinyanzi wenyewe. Mbunifu anayetengeneza chombo cha maua chenye mabega ya mwili wa binadamu, au kinara cha mishumaa kinachosimama kama mti uliopindishwa na upepo, hufanya kazi hasa katika eneo ambalo mstari huo unajifanya haulioni.

Kinachowawezesha watu kama hao kuishi si mauzo peke yake. Chuo cha sanaa cha Konstfack, kilichoanza 1844 kama shule ya Jumapili ya mafundi, tangu 2004 kiko katika jengo la zamani la kiwanda cha simu cha Ericsson hapo Telefonplan, katika upande uleule wa kusini-magharibi wa jiji, na humo kauri na kioo hufundishwa hadi shahada ya uzamili. Shule za wananchi, zinazoitwa kwa Kiswidi folkhögskola, huwapokea watu wazima wasiotaka shahada lakini wanaotaka mwaka mmoja au miwili ya kufinyanga chini ya fundi, na vyama vya elimu kama ABF, kilichoundwa na harakati za wafanyakazi mwaka 1912, huendesha duru za jioni ambamo dereva wa basi na mhasibu hukaa gurudumu kwa gurudumu. Bunge lilikubali mwaka 1937 kwamba sehemu ya asilimia moja ya gharama za majengo ya umma ielekezwe kwenye sanaa, na kutokana na mawazo hayo kuta za shule, hospitali na stesheni zimepata kazi za kauri ambazo hakuna mtu binafsi angeziagiza. Taasisi hizo hazimfanyi mtu awe mfinyanzi hodari. Zinachofanya ni kumpa mfinyanzi hodari muda.

Mwana wa Afrika Mashariki aliyeutumia muda wa namna hiyo mpaka mwisho wake ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akasomea michoro ya biashara nchini Kenya, kisha akaenda Uingereza mwaka 1971 na huko akageukia udongo. Katikati ya miaka ya sabini alikwenda Nijeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, akajifunza kwa mabibi waliojenga mitungi kwa mkono bila gurudumu, akiwemo Ladi Kwali, ambaye picha yake imechapishwa kwenye noti ya naira 20. Mwaka 1982 alimaliza shahada ya uzamili katika Royal College of Art ya London. Vyombo vyake hujengwa kwa mkono, huparuzwa, huvikwa rojo laini la udongo, husuguliwa mpaka vinang'aa bila glezi yoyote, na huchomwa. Vile vinavyopata hewa ya kutosha hubaki vyekundu, na vile vinavyochomwa tena katika moshi, palipo na hewa haba, huwa vyeusi. Vimo katika Makumbusho ya Uingereza na katika makumbusho makubwa ya Marekani, na mwaka 2020 alitunukiwa cheo cha Dame.

Jambo linalopaswa kusemwa wazi kuhusu Odundo ni kwamba mbinu zake si siri ya London. Kujenga kwa pindi, kusugua kwa kokoto, kuchoma kwa moshi, hayo yote hufahamika na wanawake wa Afrika Mashariki ambao majina yao hayakuandikwa popote, na yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi deni lake kwa mabingwa hao. Kinachomtofautisha ni kipaji chake, ambacho ni cha kweli, na halafu ule mpangilio ulioelezwa mwanzoni: alipata miaka ya kujaribu umbo lilelile mara nyingi bila kulazimika kuliuza Jumamosi ijayo.

Jumamosi ni siku ya soko la Lyulilo, karibu na Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wanawake Wakisi wa Ikombe, kijiji kilicho chini ya milima ya Livingstone, hufinyanga vyungu vyembamba, vyepesi, vyenye mabega ya mviringo uliokamilika, vikafungwa kwa nyasi na kuvushwa kwa mitumbwi hadi sokoni, na kutoka hapo huenda Kyela, Mbeya na mbali zaidi. Mtu aliyezoea kazi za studio za Ulaya akikishika chungu cha Wakisi na kupima unene wa ukuta wake kwa kidole hawezi kusema kwamba ameshika kazi ya mwanafunzi. Hata hivyo chungu hicho huuzwa bila jina, kwa bei inayokaribia gharama ya kuni na nauli, na anayekipeleka mjini mara nyingi hupata zaidi ya aliyekifinyanga. Ndivyo ilivyo Ilesi, karibu na Kakamega nchini Kenya, ambako vyungu hupangwa kando ya barabara na kupunguziwa bei na wapita njia.

Wengine hudhani kwamba tofauti ya bei inatokana na moto: kwamba tanuri la umeme hutoa kauri na moto wa wazi hutoa vyungu tu. Hoja hiyo haisimami. Moto wa nyasi, kuni na samadi hufika joto la chini, na udongo hubaki na vinyweleo, lakini vinyweleo hivyo ndivyo vinavyouwezesha mtungi kutoa jasho na kupoza maji bila umeme, kwani maji yanayopenya ukutani huvukizwa na kuchukua joto la yaliyobaki ndani. Udongo wenye chembe nene za mchanga hustahimili kuwekwa juu ya mafiga na kuepuliwa, jambo ambalo bakuli la kauri ngumu la Stockholm lingelipasukia. Elimu hiyo ya udongo na moto haijazeeka. Katika miaka ya themanini ilihitajika kutengeneza jiko la mkaa la Kenya, lenye ganda la bati na moyo wa udongo uliochomwa, ambalo limepunguza matumizi ya mkaa katika nyumba nyingi za mijini.

Pwani nayo ina historia yake ya kupenda vyombo, na historia hiyo inakutana na ya Uswidi kwa njia isiyotajwa mara nyingi. Kampuni ya Uswidi ya Uhindi wa Mashariki, iliyofanya biashara kutoka Göteborg kati ya 1731 na 1813, ililetea nchi hiyo kauri kwa shehena kubwa kutoka Canton, na meli yake *Götheborg* ilizama mlangoni mwa bandari ya nyumbani mwaka 1745 ikiwa na shehena kama hiyo. Karne nyingi kabla ya hapo majahazi yalikuwa yamekwisha kuleta kauri ya China katika miji ya Waswahili, ambako ilipachikwa katika nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui, na baadaye ikapangwa katika zidaka za Lamu, yale matundu ya plasta yaliyochongwa ukutani kwa ajili ya kuonyesha vitu vya thamani. Waswidi walipoitamani kauri ya kigeni walianzisha viwanda na shule ili watengeneze ya kwao. Waungwana wa pwani waliiweka zidakani, na mfinyanzi wa kijijini akaachiwa chungu cha jikoni, mtungi wa uani na chetezo.

Chetezo kinastahili neno la ziada, kwa sababu ndicho chombo cha pwani kinachokaribia zaidi kile ambacho studio za Ulaya huita sanaa ya nyumbani. Kina mguu, kina kiuno, kina mdomo ulioinuliwa kwa pembe au kukatwa kwa mapambo, kimepakwa rangi, na kazi yake ni kushika kaa la moto ili udi na ubani vinukie harusini, katika chumba cha mzazi na nyumbani jioni ya Ijumaa. Katika nyumba za Waswahili na Wasomali walioko Ulaya nafasi yake imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na vifaa vya umeme vya kiwandani, kwa sababu kaa la moto halikubaliki katika ghorofa yenye king'ora cha moshi. Mbunifu ambaye angeunda chetezo cha udongo kinachofaa ghorofa ya Skärholmen angekuwa na wanunuzi wanaokihitaji kwa dhati, na angekuwa ameufanya ufinyanzi wa mahali hapo uwahudumie watu wanaoishi hapo.

Afrika Mashariki haianzi na mikono mitupu. Tanzania ilianzisha mwaka 1975 Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano wa zile shule za wananchi za Uswidi, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa nazo, na kwa msaada wa Uswidi yenyewe, na vyuo hivyo, zaidi ya 50, vimetawanyika katika wilaya nyingi za nchi. Vimefundisha useremala, uashi, ushonaji, kilimo na umekanika kwa nusu karne. Shule mama za Uswidi huuhesabu ufinyanzi kuwa somo lenye chumba, tanuri na mwalimu wake. Vyuo vya Tanzania viliurithi mfano huo, lakini ufinyanzi haukupata ndani yake nafasi waliyopata seremala na fundi cherehani, ingawa mabingwa wa kuufundisha wanaishi katika vijiji vya jirani na wala hawahitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Ombi la mazungumzo haya kwa wenye vyuo hivyo ni kwamba chuo kilicho karibu na vijiji vya wafinyanzi kijengewe tanuri la pamoja na banda la kukaushia, na mabibi wa kazi hiyo waajiriwe kuwa walimu kwa malipo ya mwalimu. Ombi kwa makumbusho na maduka ya sanaa ya Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi ni kwamba kila chungu kinachowekwa rafuni kiandikwe jina la aliyekifinyanga, kijiji chake na mwaka. Na msikilizaji atakayepita Lyulilo au Ilesi, akiwa na nafasi ya kuagiza chungu kimoja, amwombe mfinyanzi achore jina lake kitakoni chungu kingali kibichi, kisha alipe bei aliyotajiwa.